Mtuhumiwa, Mshtakiwa, Mhaini: Msamiati wa Kesi ya Joseph Kabila Ulivyosikika Tezo

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 1 Oktoba 2025, nilikuwa stejini Tezo, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, nikisubiri matatu ya kunifikisha mjini Kilifi. Redio ya kinyozi ilikuwa ikitangaza habari za Kinshasa: siku iliyotangulia Mahakama Kuu ya Kijeshi ilikuwa imemhukumu kifo Joseph Kabila, rais wa zamani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa aliuliza, "Kwani walimkamata lini?" Kinyozi akamjibu, "Hawajamkamata, mzee. Hata mahakamani hakufika." Mzee akatafakari kidogo, kisha akasema, "Basi wamehukumu picha."

Tulicheka sote waliokuwapo. Hata hivyo, nilipokuwa ndani ya matatu nilianza kujiuliza tulikuwa tukicheka nini hasa, na iwapo maneno yaliyotumiwa na mtangazaji yalikuwa yametupa nafasi ya kufanya lolote zaidi ya kucheka. Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Yananuia kuchunguza msamiati wa Kiswahili unaotumiwa kiongozi wa zamani anapofikishwa, au anaposhindwa kufikishwa, mbele ya sheria, na kuonyesha namna msamiati huo unavyowatangulia majaji katika kutoa hukumu. Msomaji asitarajie humu uchambuzi wa kisheria. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi.

Kwanza ni vyema kuyaweka matukio katika mpangilio wake. Joseph Kabila alishika madaraka Januari 2001, siku chache baada ya babake, Laurent-Désiré Kabila, kuuawa. Alichaguliwa mwaka 2006 na tena 2011. Muhula wake wa mwisho ulikamilika Desemba 2016, lakini uchaguzi haukufanyika hadi tarehe 30 Desemba 2018, na Januari 2019 akamkabidhi Félix Tshisekedi uongozi. Katiba ya Kongo humfanya rais aliyeondoka madarakani kuwa seneta wa maisha. Kwa hivyo alikuwa na kinga. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waasi wa M23 waliiteka miji ya Goma na Bukavu, na serikali ikamshutumu Kabila kwamba ndiye aliyekuwa nyuma yao. Tarehe 22 Mei Seneti ilimwondolea kinga hiyo kwa kura 88 dhidi ya 5. Siku iliyofuata alitoa hotuba ndefu ya kuupinga utawala wa Kinshasa, na kabla ya mwezi kwisha akaonekana Goma, mji uliokuwa mikononi mwa waasi wale wale aliodaiwa kushirikiana nao. Kesi ilifunguliwa Julai 25 yeye akiwa hayupo. Mashtaka yalijumuisha uhaini, uhalifu wa kivita, mauaji, ubakaji na mateso. Septemba 30 hukumu ikasomwa: kifo, pamoja na fidia ya takriban dola bilioni 33 za Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa ameyakana mashtaka hayo na kuziita mahakama chombo cha ukandamizaji.

Hebu sasa tuyatazame maneno. Kiswahili kina ngazi ya maneno ambayo mtu hupandishwa anapoelekea hukumu, na kila kidato cha ngazi hiyo kina uzito wake. Nchini Kenya mtu anayedhaniwa kutenda kosa huitwa mshukiwa. Tanzania aghalabu huitwa mtuhumiwa. Maneno haya mawili hutumiwa kama visawe, lakini si mapacha. Kushuku ni tendo la moyo wa anayeshuku, na mshukiwa amebeba tu shaka ya mtu mwingine. Tuhuma, kwa upande wake, imekwisha kutoka moyoni ikafika ulimini. Anayetuhumiwa amekwisha kusemwa. Kisha kuna mshtakiwa. Kitenzi kushtaki, kabla hakijaingia mahakamani, kilikuwa na bado kina maana ya kupeleka malalamiko kwa mwenye uwezo: mtoto hushtaki kwa mamake, mke humshtaki mume kwa wazee. Ndiyo maana neno mashtaka huweza kumaanisha malalamiko ya mnyonge na pia hati ya serikali yenye nguvu zote. Yule mzee wa kwa kinyozi, aliposikia kwamba Kabila ameshtakiwa, alidhani pana mtu aliyelalamika. Nilimsikia akiuliza, "Aliyemshtaki ni nani?" Kinyozi akasema ni serikali. Mzee hakuridhika. Alitaka jina la mwenye uchungu.

Naona swali hilo lina maana kubwa kuliko mzee alivyokusudia, na nitalirudia.

Neno zito kuliko yote katika kesi hii ni uhaini. Kiswahili kilipokea mzizi wake kutoka Kiarabu, na mzizi huo huo ndio uliotupa hiana. Katika matumizi ya pwani, mtu wa hiana ni yule anayenyima, anayeficha, asiyetimiza alichoaminiwa. Mtu aweza kuwa na hiana kwa jirani yake juu ya kibaba cha unga. Mhaini naye hana jirani ila dola. Usaliti uko katikati: rafiki humsaliti rafiki, mwanasiasa hukisaliti chama, na hakuna sheria inayomnyonga mtu kwa hilo. Mwandishi wa habari anapochagua kati ya mhaini na msaliti huwa anachagua kati ya kosa la jinai na kosa la uhusiano. Lakini kwa kuwa masikio ya msikilizaji hayasahau hiana, neno mhaini huja na sura ya mtu mbaya kwa tabia, mwenye roho mbaya tangu utotoni. Hukumu ya tabia hutangulia hukumu ya tendo.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwishoni mwa Mei 2025, nikifundisha kwa muda katika shule moja ya sekondari, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la kuandika habari kwa mtindo wa gazeti. Kama kielelezo niliandika ubaoni: "Mhaini Kabila arejea Goma." Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwani ameshahukumiwa?" Nilimjibu kwamba hiyo ni mbinu ya kichwa cha habari, kwamba kichwa kinahitaji kuwa kifupi na cha kuvutia. Lilikuwa jibu baya. Wakati ule kesi haikuwa hata imefunguliwa.

Jambo jingine la kuangaliwa ni cheo. Kiswahili cha Kenya na Tanzania hutofautisha rais mstaafu na rais wa zamani. Kustaafu ni kumaliza kazi kwa heshima, na anayeitwa mstaafu hubakia na kivuli cha wadhifa wake. Uzamani ni suala la wakati tu. Hata nguo huitwa ya zamani. Katika taarifa nilizosikiliza na kusoma juu ya kesi hii, Kabila aghalabu alikuwa rais wa zamani. Sidhani kwamba wahariri walikaa kikao kuamua hivyo. Lugha yenyewe ilimvua kilemba. Kinyume chake, wafuasi wake huko Kongo wamezoea kumwita Raïs, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja, na ambalo limebakia naye kama jina la sifa hata baada ya kuondoka ikulu. Babake alikuwa Mzee. Kwa hivyo habari zilipotangaza kwamba rais wa zamani amehukumiwa, kwa masikio ya wafuasi wake aliyehukumiwa alikuwa bado Rais.

Nilipata kuyathibitisha haya, na kuvurugwa pia, nilipozungumza na mfanyabiashara wa vitenge mjini Kilifi, mzaliwa wa Bukavu. Nilitarajia ama afurahie hukumu au aipinge. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema kwa Kiswahili cha kwao, "Bale balikufa mu maandamano, nani alishitakiwa kwa ajili yabo?" Alikuwa akikumbuka miaka ya 2016 hadi 2018, wakati uchaguzi ulipokuwa ukiahirishwa na waandamanaji wakipigwa risasi na vikosi vya usalama. Hayo yalitendeka Kabila akiwa madarakani. Mashtaka ya mwaka 2025 hayakuwa juu ya vifo hivyo. Yalikuwa juu ya Kabila na M23, yaani juu ya dhara analodaiwa kuifanyia serikali iliyomfuata na wakazi wa Kivu waliovamiwa. Basi lile swali la mzee wa Tezo, aliyemshtaki ni nani, lilikuwa na mwenziwe Kilifi mjini: na wale wasioshtakiwa kwa niaba yao je?

Ni kweli kwamba watu wa Goma na Bukavu wameteseka, na hakuna anayepaswa kulifanyia mzaha hilo. Wengi wao huzungumza Kiswahili, ambacho katiba ya Kongo inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Kabila mwenyewe alikulia Tanzania, na Kiswahili ni lugha yake. Lakini lugha rasmi ya dola ni Kifaransa, na Kifaransa ndiyo lugha ya sheria yake. Kesi ambayo waathiriwa wake na mshtakiwa wake wangeweza kuelewana bila mkalimani ilisikilizwa Kinshasa, mbali na Kivu, mshtakiwa akiwa hayupo wala hana wakili aliyemwakilisha. Tukilinganisha, huko Hague baadhi ya mashahidi wa kesi za Kongo na za Kenya walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili, maelfu ya kilomita kutoka mahali kinapozungumzwa.

Kesi za Kenya hazina budi kutajwa, maana ndizo zilizotufunza sisi wa kizazi changu msamiati huu. Tarehe 15 Desemba 2010 majina 6 yalitangazwa, nami nilikuwa bado mtoto wa shule. Watu wa kwetu walijifunza kusema washukiwa, kuthibitishwa kwa mashtaka, kiongozi wa mashtaka, kama watu waliosomea sheria. Januari 2012 mashtaka yalithibitishwa dhidi ya watu 4. Mwaka uliofuata wawili kati yao, Uhuru Kenyatta na William Ruto, walichaguliwa kuwa Rais na Naibu wake. Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto na Joshua arap Sang ikakomeshwa Aprili 2016. Kwa maoni yangu, uzoefu huo ndio uliowafanya watu wa stejini wasishtuke waliposikia habari za Kabila. Walikwisha kuona neno mshukiwa likipanda jukwaani na kuapishwa. Neno lililochakaa namna hiyo haliwezi tena kumtisha mtu wala kumlinda.

Na huko Kongo kwenyewe maneno hayo yalikuwa yakizunguka kwa kasi mwaka 2025. Mei 20 Augustin Matata Ponyo, aliyekuwa waziri mkuu chini ya Kabila, alihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu. Constant Mutamba, waziri wa sheria aliyelisukuma suala la kumshtaki Kabila, alijiuzulu Juni akiwa mshukiwa, na Septemba 2, kabla hata hukumu ya Kabila kutolewa, akahukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu kuhusiana na fedha za ujenzi wa gereza. Mtunzi wa tamthilia angeandika hivyo, tungemwambia amezidisha kinaya.

Nikirejea katika fasihi, mwanafunzi wa Kiswahili atamkumbuka Fumo Liyongo. Katika utenzi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa, mtawala wa Pate anamwogopa Liyongo na kumtia gerezani, na mamake anamsaidia kwa njia ya mkate wenye tupa ndani. Liyongo alikuwa na mwili lakini hakuwa na kesi. Kabila alikuwa na kesi bila mwili. Sisemi kwamba Kabila ni Liyongo. Mtu aliyetawala miaka 18, na ambaye waandamanaji walikufa chini ya serikali yake, hastahili kuvishwa utukufu huo, na wanaomvisha wanautumia utenzi vibaya. Ninachosema ni kwamba mapokezi ya hadhira hayategemei hatia pekee. Mtawala akishakuwa mshtaki, hadhira huanza kumtafuta Liyongo hata mahali asipokuwapo.

Sisi Wagiriama tuna kumbukumbu nyingine. Wazee husimulia juu ya kiraho, hususan kiraho cha tsoka, ambapo shoka lililookwa motoni hugusishwa kiganja cha anayetuhumiwa. Sikipigii debe, ni njia ya kikatili, na kiganja hakijui sheria. Lakini huhitaji kiganja. Nadhani "wamehukumu picha" ilitoka hapo, katika mazoea ya kufikiri kwamba hukumu ni jambo linalofanyika baina ya watu waliopo.

Baada ya hukumu nilirudi katika lile darasa na kumwomba radhi yule mwanafunzi mbele ya wenzake. Aliuliza, "Sasa mwalimu, tunaweza kuandika mhaini?" Nikawaachia walijadili. Walibishana hadi kengele ikalia. Sentensi waliyokubaliana, nao wakaiandika ubaoni, ilikuwa hii: "Rais wa zamani Joseph Kabila ahukumiwa kifo kwa uhaini na mahakama ya kijeshi bila ya kuwapo." Mmoja alilalamika kwamba ni ndefu mno kwa kichwa cha habari. Hakuna aliyepata neno la kuondoa.