Meza ya Ruta na Vumbi la Mvule

Mjomba wangu ni seremala, na karakana yake imepakana na chumba ninacholala. Kila jioni alikuwa akikohoa, hasa akichonga mvule, maana vumbi la mti huo huwasha macho na kubana kifua. Tena si kikohozi tu: mwaka wa 1995 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua. Basi likizo ya Agosti tukatengeneza meza ya ruta.

Ruta hufungwa juu chini, chini ya meza, kisu kikachomoza kwenye tundu. Nyuma ya kisu kuna ubao wa kuegemeza, wenye pengo. Hapo tukaunganisha mpira wa mashine ya kufyonza vumbi. Kumbe wapi! Vumbi jingi lilianguka chini. Ikabidi tuizingire ruta kwa sanduku lenye mpira wa pili, na matundu ya kuingiza hewa, la sivyo mota itachemka.

Ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, kukabili mzunguko wa kisu. Mimi nilianzia kushoto. Mjomba akazima stima mara moja. "We kijana, kalamu utashika na nini?"

Barakoa bado twavaa, kwani vumbi laini huelea hewani hata mashine ikizimwa. Kikohozi hakijaisha, ila usiku sasa namsikia mara mojamoja tu.