Vipindi vya kuokoa mbwa: Je, vinafaa kutazamwa na familia?

MIONGONI mwa maswali yanayorudi mara kwa mara katika madarasa ya wazazi ni lile la nini watoto watazame katika televisheni na nini wasitazame. Kwa sehemu kubwa jibu lake si gumu. Muziki wa watu walio nusu uchi, tamthilia za zinaa na michezo ya kamari, mzazi mwenye kumcha Mungu hahitaji fatwa ili azizime. Lakini lipo jambo moja ambalo nimeona linawagawa hata wazazi wenye msimamo mmoja katika hayo yote, nalo ni vipindi vya kuokoa mbwa.

Ndugu msomaji, bila shaka umeviona. Ni vile vipindi vya maisha halisi kutoka Marekani na Uingereza, ambavyo havina waigizaji. Kamera humfuata mtu anayekwenda kumtoa mbwa aliyetupwa shimoni, aliyefungwa mnyororo hadi ukamkata shingo, au aliyeachwa na njaa mpaka mbavu zinahesabika. Mbwa hupelekwa kwa daktari wa wanyama, huogeshwa, hufundishwa kumwamini binadamu tena, na mwisho huchukuliwa na familia mpya. Vilianza kutufikia kwa madishi ya satelaiti, na sasa vipande vyake vinamkuta mtoto ndani ya simu ya mama yake.

Mzazi mmoja alinisimulia mzozo uliozuka nyumbani kwake. Mwanawe wa miaka tisa, baada ya kutazama vipindi hivi, alichukua kibakuli jikoni akamwekea maji mbwa koko aliyejilaza nyuma ya ukuta. Bibi yake akaona. Kibakuli kikatupwa, mtoto akachapwa, na vipindi vya "mbwa wa wazungu" vikapigwa marufuku ndani ya nyumba. Mama akawa hajui amtetee nani: mkwewe anayelinda twahara ya nyumba, au mwanawe ambaye siku chache nyuma alikuwa akiwarushia mbwa hao hao mawe pamoja na wenzake. Naona swali la mama huyu ni la wengi, na linastahili kujibiwa kwa utaratibu.

Tuanze na hukumu ya mbwa

Wengi wetu katika mwambao huu tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii. Kwa mujibu wa madhehebu hayo, mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hivyo hivyo kwa nguo au mwili uliomgusa pakiwa na majimaji, ama kwake au kwako. Ama kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Wanazuoni wa Kimaliki wao wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa ni twahara, na kule kuosha chombo wanakuona ni ibada tuliyoamrishwa. Wahanafi wameona najisi iko katika mate yake. Kwa hiyo tunazungumzia jambo ambalo maimamu wakubwa wamelitazama kwa namna tofauti, kila mmoja na hoja zake.

Lakini wote hao walikuwa wakizungumzia mate, vyombo, nguo na mwili. Hakuna aliyesema najisi ya mbwa hupita machoni. Anayemtazama mbwa barabarani hatii udhu upya, na anayemtazama kwenye kioo vile vile. Wapo watakaotaja mafundisho kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Mafundisho hayo tunayakubali, na yanahusu kufuga mbwa ndani ya nyumba pasipo haja iliyoruhusiwa, kama vile kuwinda, kulinda mifugo au kulinda shamba. Ama mjadala wa picha za televisheni, huo ni mjadala wa televisheni nzima. Nyumba iliyokwisha kuruhusu taarifa ya habari na mpira haiwezi kuanza kuukumbuka mjadala huo siku anapotokea mbwa tu.

Isitoshe, mbwa hakutajwa katika dini yetu kwa ubaya peke yake. Katika Suratul Kahf ametajwa pamoja na vijana wa pangoni waliokimbia na imani yao. Katika Suratul Maida imehalalishwa kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Mnyama huyu ana nafasi yake na mipaka yake.

Rehema nayo ni hukumu

Tatizo letu ni kwamba tumeihifadhi hukumu ya najisi na tumeisahau hukumu ya rehema. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) kisa cha mtu aliyeshikwa na kiu kali njiani. Akateremka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo wenye unyevu kwa kiu. Akarudi chini, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno ili aweze kupanda, akamnywesha. Mtume (s.a.w) akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu alimsamehe mtu yule. Masahaba walipouliza kama kuna ujira katika kuwatendea wema wanyama, wakajibiwa kuwa ujira upo kwa kila kilicho hai. Kipo pia kisa cha mwanamke kahaba aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa, na kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa.

Hebu tumtazame yule mtu wa kisimani. Alitumia kiatu chake mwenyewe, wala hatukuambiwa kwamba alimpita mbwa kwa kuogopa najisi. Kiatu huoshwa, lakini uhai ukishatoka haurudi.

Kwa mantiki hiyo, katika ule mzozo niliousimulia, bibi yuko sahihi kuhusu kibakuli na mtoto yuko sahihi kuhusu maji. Kibakuli cha kulia chakula hakikuwa chombo cha kumwekea mbwa, na hata hivyo hakikuhitaji kutupwa, kwani njia ya kukitwaharisha inajulikana. Lililotakiwa ni kumtafutia mtoto kopo la kuweka nje, akaonyeshwa namna ya kumwaga maji bila kumkaribia mbwa, na akaambiwa kwamba alichokusudia ni sunna. Kumchapa mtoto kwa tendo la rehema ni kumfundisha kwamba yale mawe ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa dini.

Vipindi vyenyewe vinaonyesha nini?

Vipindi hivi havifanani. Kile cha "Animal Precinct", kilichoanza mwaka 2001, kiliwafuata maafisa wa jumuiya ya kuzuia ukatili kwa wanyama ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1866, wakiwashika watesaji wa wanyama katika jiji la New York. Hicho kina picha nzito. "Pit Bulls & Parolees", kilichoanza mwaka 2009, kinahusu kituo cha mwanamama Tia Torres, ambacho huwaajiri watu waliotoka gerezani kwa parole ili wawahudumie mbwa wa aina ambayo watu wengi huiogopa. Uingereza nako, "Paul O'Grady: For the Love of Dogs" kilianza mwaka 2012 katika kituo cha Battersea, London, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1860. Mtangazaji huyo alifariki mwaka 2023. Hicho ni chepesi, chenye mzaha na machozi kidogo.

Mfano ambao mimi ningeupendekeza kwa wazazi ni ule wa "DogTown" wa mwaka 2008. Mwaka mmoja kabla yake, mcheza mpira wa Kimarekani aliyekuwa tajiri na maarufu, Michael Vick, alipatikana na hatia katika kesi ya kuendesha mapigano ya mbwa katika jimbo la Virginia, mapigano yaliyoambatana na kamari, akahukumiwa kifungo cha miezi 23. Mbwa 22 kati ya waliokamatwa walipelekwa katika hifadhi moja huko Utah, na kipindi kikaonyesha wahudumu wakikaa nao kwa subira, siku baada ya siku, mpaka mbwa waliofundishwa kuua wakaanza kutulia. Hapo mzazi ana darasa kamili: kamari inavyomfikisha mtu, umaarufu usivyozuia hukumu, na kiumbe kilichoharibiwa na binadamu kinavyoweza kutengenezwa na binadamu.

Si kila uokoaji ni wa kweli

Hata hivyo, nisingependa msomaji anielewe kwamba kila chenye mbwa na machozi kinafaa. Neno "maisha halisi" lisitudanganye. Kazi ya wiki nyingi hukatwakatwa ikawa kipindi kimoja kifupi, muziki wa huzuni ukawekwa juu yake, na mtazamaji akaongozwa pa kulia na pa kucheka. Mwaka 2014 jarida la Mother Jones la Marekani lilichapisha uchunguzi kuhusu "Call of the Wildman", kipindi cha kuokoa wanyama pori, likieleza kwamba wanyama walipangwa mahali ili "waokolewe" mbele ya kamera, na mmoja wao alipewa dawa ya kumlegeza.

Katika intaneti hali ni mbaya zaidi. Wapo watu wanaomtumbukiza mtoto wa mbwa matopeni, au kumwachia chatu amzonge, kisha wanajitokeza kumwokoa ili wapate watazamaji na michango. Machi 2021 YouTube ilitangaza kupiga marufuku video za uokoaji wa kupangwa, lakini video za namna hiyo hazijaisha. Dalili zake hazijifichi. Kamera ilikuwepo kabla ya ajali. Mwokoaji ni yule yule na kila siku anakutana na mnyama aliyenasa. Hatuoneshwi daktari wala mnyama alivyo baada ya wiki kadhaa. Kutazama video kama hizo ni kumlipa mtesaji, na hilo halifai kwa mkubwa wala mdogo.

Mambo ya kuchunga

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vipindi hivi vinafaa, lakini kwa masharti.

Kwanza, mzazi akae na mtoto. Mtoto wa miaka minne au mitano asitazame vipindi vya ukatili mzito, kwani atabaki na picha ya jeraha na hatakumbuka tiba. Mkubwa kidogo atazame, lakini pawe na mtu wa kumjibu anapouliza kwa nini mtu alifanya vile.

Pili, mzazi aeleze tofauti ya rehema na mazoea ya wenzetu. Katika vipindi hivi mbwa hubusiwa mdomoni, hulala kitandani na huitwa mtoto wa nyumba. Mtoto aambiwe waziwazi kwamba sisi tunamhurumia mbwa, tunamnywesha na tunamtibu, lakini hatumfanyi hivyo. Asipoambiwa, atachukua yote au atakataa yote.

Tatu, usalama. Wale wa kwenye televisheni wana mafunzo, glavu na chanjo. Mtoto wetu hana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Mtoto akatazwe kabisa kumgusa mbwa asiyemjua. Akiumwa au akiparuzwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Na tusidhani kuchanja mbwa ni mambo ya wazungu. Kisiwani Pemba, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu, ni kampeni za kuchanja mbwa zilizoukata ugonjwa huu, ukaingia tena, na ukakatwa tena kufikia mwishoni mwa mwaka 2018. Huko ni kuokoa mbwa na watoto kwa pamoja.

Nne, kipindi kisiwe mbadala wa kutenda. Ni ajabu kulia kwa ajili ya mbwa wa New Orleans huku mtaani kwetu punda anachapwa juu ya kidonda, na kuku wananing'inizwa kichwa chini juu ya baiskeli kutwa nzima. Wapo wanaosema watu wana njaa, iweje tuhangaike na wanyama? Nawajibu kwamba sijaona mtaa ambao maskini walishiba kwa sababu mbwa walipigwa mawe. Mkono uliozoea kumpiga mawe asiyeweza kusema hauchelewi kumfikia yatima na mtumishi wa ndani.

Tano, adabu za kawaida za kutazama zibaki pale pale. Ikifika swala, televisheni izimwe. Likija tangazo la pombe au vazi la aibu, rimoti iwe mkononi mwa mzazi.

Ndugu zangu Waislamu, swali la awali lilikuwa kama mbwa anafaa kuonekana sebuleni kwetu. Mimi naliona ni dogo. Swali kubwa ni mtoto anapoinuka mbele ya kioo anakwenda kufanya nini mtaani. Akienda na maji, kwa adabu na tahadhari, basi kilichompeleka huko hakikumdhuru. Akienda na mawe, hata kama nyumba yao haina televisheni, tuna kazi ya kufanya.

Wallahu a'lam.