Kuharisha kwa Watoto: Thibitisha Kabla ya Kuhukumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mtoto akiharisha, hukumu hutolewa upesi majumbani mwetu. Huyu husema meno yanaota, yule husema ni husuda. Wapo wanaosema ni "meno ya uongo", na kichanga hukatwa ufizi kwa chombo kichafu. Wengine hununua dukani dawa za kuua bakteria. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuithibitisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Nasoma dini, si udaktari, lakini naona amri hii inaingia hata katika wodi ya watoto ya Kasese au Bwera.

1. Kirusi chenyewe

Mwaka 1973, Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, Australia, walikiona kirusi hiki kwa hadubini katika utumbo wa watoto wagonjwa. Kina umbo la gurudumu, ndiyo maana kikaitwa rota, neno la Kilatini lenye maana hiyo. Mtoto hutapika, hupata homa na huharisha majimaji. Kinachomuua ni kuishiwa maji mwilini. Dawa za bakteria hazikiui.

2. Jina na ukoo wake

Kipimo cha kwanza cha choo cha mtoto huonyesha kama rota ipo. Cha pili husoma vinasaba vya protini mbili za ganda la nje: moja hutoa herufi G, nyingine P. Ndipo hupatikana majina kama G1P[8] na G2P[4].

Sisi tunaosoma hadithi tunaijua kazi hii. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki mwaka 463 Hijria) aliandika kitabu kizima, Al-Muttafiq wal-Muftariq, kuhusu wapokezi waliofanana majina huku wakiwa watu tofauti. Muhadithi hatosheki na jina. Huuliza, ni yupi?

Vinasaba vya rota viko vipande 11. Aina mbili zikikutana ndani ya mtoto mmoja, huweza kubadilishana vipande, ikazaliwa aina mpya. Na Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe, ambako watu huvuka kutoka Kongo kwa soko na matibabu. Juni 2019, mtoto aliyetoka Kongo alikutwa na Ebola akiwa Bwera. Ebola nayo huleta kutapika na kuharisha. Kilichoitenganisha na maradhi mengine ni kipimo.

3. Chanjo

Uganda iliingiza chanjo ya rota katika ratiba ya taifa mwaka 2018. Hutolewa kwa matone mdomoni, wiki ya 6 na ya 10. Rotarix ilitengenezwa kutokana na aina ya G1P[8]. Hupunguza ugonjwa mkali wa aina nyingine pia, lakini kinga hailingani kila mahali. Kwa hiyo hospitali zikipima aina zinazozunguka, taifa hujua kama chanjo bado inatosha.

4. Upande wa fiqhi

Je, inafaa mpimaji Muislamu kushika kinyesi? Kugusa najisi kwa haja si haramu. Anachotakiwa ni kujisafisha kabla ya swala. Katika madhehebu ya Shafi, mkojo wa mtoto wa kiume anayenyonya tu umekhafifishwa, hutosha kunyunyiziwa maji. Kinyesi chake hakina ruhusa hiyo, lazima kioshwe. Mama anayeosha nguo na mikono yake kwa ajili ya swala anaikata pia njia ya kirusi.

5. La kufanya

Tutakaporudi nyumbani likizo, tuwaambie wazazi na dada zetu: mtoto akiharisha aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS na zinki. Akidhoofika, macho yakididimia, akishindwa kunywa au akitoa damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ufizi wake usiguswe. Na kadi ya chanjo ikaguliwe.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila maradhi yana dawa. Basi kuyajua maradhi ni mlango wa kuifikia dawa hiyo.

Wallahu a'lam.