SOMO: KILA MTO NA SAMAKI WAKE

Vikundi vingi siku hizi vinachimba vidimbwi vya samaki. Kidimbwi kikiisha kujazwa maji, swali linalofuata huwa ni hili: vifaranga vya samaki tutatoa wapi? Mara nyingi jibu ni popote palipo rahisi. Mmoja wetu akisafiri, anarudi nao kwenye mtungi. Kabla ya kufanya hivyo, wapendwa, tujifunze kwanza jinsi samaki walivyogawanyika katika mito yetu.

1. Maji hugawanyika mlimani

Ndege huruka, mnyama hutembea, lakini samaki wa maji baridi hufika pale tu maji yanapomfikisha. Tutazame milima ya Nyandarua. Mvua ikinyesha upande wa mashariki, maji hushuka kwa mto Gura, huingia Tana na kufika Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi hufuata mto Malewa mpaka Ziwa Naivasha, na hapo hayana mto wa kutokea. Upande wa kaskazini hufuata Ewaso Narok, yakaingia Ewaso Nyiro na kwa kawaida kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Milima ni ile ile, lakini mabonde ya maji ni mbali mbali. Samaki wa bonde moja hawezi kupanda mgongo wa mlima kwenda kutembelea bonde lingine.

2. Nani anaishi wapi?

Kenya ina mabonde makubwa matano ya maji: Ziwa Victoria, Bonde la Ufa, Athi, Tana na Ewaso Nyiro ya kaskazini.

Ziwa Victoria: Wenyeji wake ni ngege, mbiru, omena, na fulu wa aina mamia. Yuko pia ningu, ambaye hupanda mito kama Nzoia wakati wa mafuriko ili atage mayai.

Tana na Athi: Kuna tilapia wao, ambaye si ndugu wa tumbo moja na ngege. Pia kuna mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mkunga huzaliwa baharini, akapanda mto akue, halafu hurudi baharini kuzaa. Ndiyo maana hatumpati Nzoia wala Yala.

Turkana: Mbuta ni mwenyeji hapa. Kwa nini? Maelfu ya miaka iliyopita mvua ilikuwa nyingi, ziwa likafurika na maji yake yakaungana na mto Nile. Lakini mtauliza, si maji ya Ziwa Victoria nayo huenda Nile? Ni kweli, ila njiani kuna maporomoko ya Murchison, huko Uganda. Mbuta wa chini hakuweza kuyapanda.

Magadi: Kuna samaki mdogo anayeishi kwenye chemchemi za moto zenye magadi, mahali ambapo samaki wengine wangekufa mara moja.

3. Binadamu alipovusha samaki

Mwaka 1905 walowezi walileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti na kuwatia katika mito baridi ya Nyandarua. Miaka ya 1950 na 1960 mbuta alitiwa Ziwa Victoria, na tilapia wa Nile akaletwa miaka hiyo hiyo. Mbuta alileta pesa na viwanda, hilo hatulikatai. Lakini aliwala fulu, na aina nyingi zikatoweka. Uvuvi uliozidi na uchafu wa maji pia vilichangia. Ngege naye alipungua sana, na leo moja ya mahali pa kumpata ni Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo la kinamasi cha Yala.

Naivasha alikuwako samaki mmoja mdogo wa asili ambaye hakuonekana tena baada ya 1962. Na huyu kapu anayevuliwa huko kwa wingi leo hakutiwa ziwani kwa mpango. Alianza kuonekana karibu na mwaka 2001, baada ya kutoroka kutoka vidimbwi vya juu ya mto.

Si kila kuvusha kulileta hasara. Samaki wa Magadi alipelekwa Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu, na mwari wakaja kwa wingi kumla. Lakini tukumbuke: maji yakimwagika hayazoleki. Samaki akishaingia mtoni, hakuna wavu wa kumtoa wote.

4. Inatuhusu vipi?

Kidimbwi kikivunja ukingo wakati wa mvua, samaki wetu wataingia mtoni. Wakiwa tilapia wa kutoka bonde lingine, huzaana na tilapia wa hapo, na baada ya muda mbegu ya asili inapotea. Wakiwa wanaokula wenzao, jirani wa chini anayevua kwa ndoana ndiye wa kwanza kukosa kitoweo. Kwa hivyo:

- Tumwone ofisa wa uvuvi wa kaunti kabla ya kununua vifaranga. Tumuulize ni aina gani, na inafaa bonde letu?
- Tuchimbe kidimbwi mbali na mahali mto hufurika, na ukingo uwe imara.
- Tufunge wavu wa macho madogo kwenye bomba la kutolea maji.
- Tukifunga mradi, samaki waliobaki waliwe au wauzwe. Wasimwagwe mtoni.
- Wakati wa mafuriko tusizibe mdomo wa mto kwa nyavu. Ningu walipungua sana kwa sababu walinaswa wakipanda kutaga.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mto wetu unaanzia wapi, na maji yake huishia wapi?
2. Waulizeni wazee: ni samaki gani walivuliwa hapa zamani ambao hatuwaoni sasa? Ni nini kiliwaondoa?
3. Vifaranga vyetu vilitoka bonde gani? Vikitoroka leo, nani ataumia?
4. Ni jambo gani moja tutakalofanya kabla ya mvua ndefu?