Kupima Ganzi ya Sehemu ya Mwili bila Kumuumiza Mgonjwa

Katika ganzi ya sehemu ya mwili, mgonjwa hubaki macho huku dawa ikizuia mishipa ya fahamu ya eneo la upasuaji. Kabla ya upasuaji kuanza, maswali mawili hayana budi kujibiwa: je, ganzi imeshika vya kutosha? Je, imepanda kupita kiasi? Yote mawili huweza kupimwa bila kumjeruhi mgonjwa.

Mishipa ya fahamu haizuiwi yote kwa pamoja. Nyuzi nyembamba za simpathetiki, zinazobana mishipa ya damu, aghalabu hutangulia. Hufuata za baridi na maumivu, kisha za mguso na nguvu za misuli. Kwa hiyo mkono au mguu uliotiwa ganzi hupata joto mapema, kwa kuwa mishipa ya damu imetanuka. Kipimajoto cha ngozi huonyesha badiliko hilo, na oksimita inayopima nguvu ya msukumo wa damu kidoleni huonyesha ongezeko. Vipimo hivi humfaa hasa mtoto au mgonjwa asiyeweza kujieleza. Hata hivyo, ngozi yenye joto si uthibitisho kwamba maumivu yamezuiwa.

Ndiyo maana baridi hupimwa pia. Pamba yenye spiriti au kipande cha barafu huwekwa kwanza mahali pasipo ganzi, kama vile begani, ili mgonjwa aitambue baridi kamili. Kisha hupandishwa kutoka mguuni kuelekea kifuani, kulia na kushoto. Katika upasuaji wa kujifungua, baridi isisikike hadi usawa wa chuchu, yaani T4. Kitovu, T10, hakitoshi. Mguso mwepesi nao hupimwa, na mama huombwa ainue mguu ulionyooka.

Baada ya ganzi ya uti wa mgongo, shinikizo la damu hupimwa kila dakika 1 au 2 mwanzoni. Vidole vya mikono vikilegea, sauti ikififia, pumzi ikiwa nzito au moyo ukipiga polepole, ganzi huenda imepanda mno, na msaada hutakiwa papo hapo.

Mgonjwa naye ni shahidi. Kuhisi kuguswa au kuvutwa ni kawaida. Kuhisi maumivu si kawaida. Akisema anaumia, asiambiwe avumilie: upasuaji usitishwe kwanza na maumivu yatibiwe.