Kisanduku cha Faiba: Tujue Kilichomo Ndani



Tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zipitazo chini ya bahari zifike Mombasa mwaka 2009, faiba imeenea hadi masoko yetu madogo. Vijana wetu wamechimba mitaro yake. Lakini kile kisanduku cheusi juu ya mlingoti, wengi wetu tunakitazama tu.

Kikundi kimoja tulichokitembelea kilikaa siku tisa bila intaneti, na kazi yao ya kujazia watu fomu ikasimama. Kumbe fundi aliyekuja kwa laini ya jirani alifunga kisanduku haraka haraka, nyuzi zikabanwa na kifuniko. Hakuna aliyemwuliza lolote, kwa maana hakuna aliyejua cha kuuliza.

Basi tujifunze. Faiba ni uzi wa kioo wenye unene wa mm 0.125, kama unywele hivi. Akitaka kuunga, fundi huuvua ngozi yake ya plastiki, huukata sawasawa, kisha mashine huyeyusha ncha mbili zikashikana. Hapo kioo kiko uchi, na kukikunja kidogo tu chaweza kukatika. Kwa hiyo, kabla ya kuunga, huvisha uzi mrija mwembamba wa plastiki wenye kijiti cha chuma ndani. Wakimaliza kuunga, mrija husogezwa juu ya kiungo na kutiwa joto mpaka unywee. Akisahau kuuvisha mapema, hana budi kukata na kuanza upya! Hata wazoefu huwapata.

Mirija hulazwa kwenye trei, kila mmoja na nafasi yake, kama mayai. Uzi wa akiba, karibu mita moja kila upande, huzungushwa kwa duara lisilo dogo kuliko mdomo wa glasi ya maji. Ukikunjwa kwa kona kali, mwanga hutoroka hata kama kioo hakijakatika, na hitilafu hiyo husumbua sana kuitafuta. Akiba isikatwe eti inajaza nafasi. Ndiyo itakayotumika siku ya kuunga tena. Mwisho, mpira wa kuzibia ufutwe vumbi ndipo kifuniko kikazwe, la sivyo maji na sisimizi wataingia.

Tafadhali, msikifungue wenyewe. Mwanga wa faiba hauonekani, lakini waweza kudhuru macho. Vipande vya kioo navyo huchoma ngozi. Fundi avikusanye kwenye chupa yenye kifuniko, asivimwage penye watoto.

Kwa mjadala: Fundi akija, nani katika kikundi chenu atasimama naye pale mlingotini? Atamwuliza nini kabla hajafunga?