Javel haiondoi moshi kwenye ngozi ya mtoto

SWALI: Daktari, tunakaa karibu na viwanda vya Shituru. Mtoto wangu wa miaka 3 ana ukurutu mikononi na nyuma ya magoti, na kila kiangazi unazidi. Naambiwa nimwoshe kwa Javel na sabuni ya kufulia ili moshi na vumbi la madini vitoke. Ni sawa? – Mama, Likasi

JIBU: Acha leo hii, mama. Kwamba hewa chafu huchochea ukurutu, hapo hukukosea. Novemba 2018 moshi wa moto mkubwa wa msituni huko California ulifika San Francisco, kilomita 280 hivi, na majuma yale wagonjwa wa ukurutu na mwasho waliongezeka kliniki. Kwetu Likasi kuna viwanda vya shaba na kobalti, vumbi la malori kuanzia Mei hadi Septemba, na mbabula ya makala mlangoni. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti yao ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida. Na kobalti inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi.

Kosa ni kudhani kwamba ukurutu wenyewe ni uchafu, ukisuguliwa sana utakwisha. Ukurutu ni ngozi isiyoshika maji vizuri, mara nyingi kwa kurithi. Ndiyo maana mtoto wa jirani anavuta hewa ileile na hana kitu. Javel na sabuni kali huondoa mafuta machache yanayoilinda, ngozi inapasuka, na vumbi unalolikimbia linapata njia ya kupenya. Mtoto anajikuna usiku kucha, nawe unadhani moshi umerudi, unaongeza Javel. Mzunguko huu ndio unaoleta vidonda. Utaambiwa kwamba hata madaktari wa ngozi hutumia Javel. Ni kweli, baadhi yao: karibu nusu kikombe katika bafu la lita 150, kwa mgonjwa waliyempima. Nusu kikombe hichohicho kwenye karai la lita 5 ni kali mara 30.

Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, muda mfupi, kwa sabuni laini isiyo na manukato. Mkaushe kwa kugusagusa, umpake vazelini ngozi ikiwa bado na unyevu. Mbabula iwe mbali na anapolala, na anayerudi kiwandani au mgodini abadili nguo kabla ya kumbeba. Wapo wanaouliza: dawa ya nini, na hewa haibadiliki? Kusafisha hewa ni wajibu wa wenye viwanda na serikali, na tuwadai. Lakini mtoto hawezi kuwasubiri, na ngozi iliyotunzwa huvumilia vumbi ambalo ngozi iliyopasuka hailivumilii.

Usijaribu pomadi za kung'arisha ngozi, na usingoje kiangazi kiishe ndipo uende kliniki: dawa ya kutuliza ukurutu ipo, na kipimo chake ataamua mhudumu aliyemwona mtoto. Ukiona maganda ya njano, usaha au homa, nenda siku hiyohiyo. Vipele vingi vyenye maji, vinavyouma na kufanana, vikitokea ghafla, nenda hata usiku: huenda ni virusi vya herpesi, navyo juu ya ukurutu vinaweza kumuua mtoto.